Tanzia Iliyokwenda Usevya

Mzee Telesphor wa Usevya ni mzima, anatembea, anakula, na mimi nimeutangazia mkoa mzima kwamba amekufa.

Huyu si mtu baki kwangu. Ni baba yake Deogratias, kijana anayemwoa binti yangu Imakulata. Harusi imebaki majuma matatu. Kadi nimezichapa kwa mkono wangu mwenyewe.

Wewe uliyenikuta leo kwa mara ya kwanza, nakupa kwa ufupi. Mimi ni Melkiadi, nina steshenari Nsemulwa, hapa Mpanda. Shule niliachia darasa la tano. Nachapa, natoa kopi, na nina tovuti ya matangazo inayoitwa Ubao. Humo kuna misiba, harusi, mpunga unaouzwa, magari ya Ikola na ya Mpimbwe. Watu wanaiamini kuliko wanavyoniamini mimi.

Wiki jana niliwaeleza jinsi wahuni walivyoingia kwenye Ubao wakaujaza kamari. Mwenyekiti wa jumuiya yetu alifungua kutafuta ibada ya mazishi, akakutana na msichana aliyevaa kidogo anamwambia abeti. Niliwaacha pale niliposema nabadilisha mfumo au nafunga kabisa.

Nilibadilisha. Sasa sikilizeni.

Walikuja wawili kunishauri. Wa kwanza ni Yotham, fundi kompyuta wa Ilembo, ndiye aliyenijengea tovuti ya zamani. Wa pili ni Mercy, mtoto wa marehemu kaka yangu, amesomea mambo hayo Mbeya.

Yotham hakukaa hata kwenye kiti.

"Mzee Melkiadi, tovuti yangu haina kosa. Kosa ni lako. Nilikwambia ubonyeze pale pa kusasisha kila wiki."

"Nilibonyeza mara moja, ukurasa wote ukawa mweupe kama sanda."

"Ni zile plagini. Vile vidude vya kuongezea. Zilikuwa zinagombana."

"Kwa hiyo nikibonyeza inakufa, nisipobonyeza inaibiwa. Hiyo ni tovuti au ni mke wa pili?"

Mercy alicheka mpaka akashika kaunta. Yotham hakucheka.

"Baba mdogo," Mercy akasema, "hiyo ya Yotham ni nyumba moja. Unaandikia humo, unatunzia humo, wageni unawapokelea humo humo. Mwizi akipita sebuleni, kashafika chumbani. Mimi nataka tutenganishe. Maandishi yako yakae kwenye ghala la kampuni. Wao wanalinda, wao wanasasisha. Huku kwetu tunabaki na madirisha tu. Dirisha linakwenda ghalani kuomba: nipeni misiba ya leo. Linapewa, linaonyesha."

"Linaomba kwa nani? Kuna mtu kakaa huko?"

"Hakuna mtu. Kuna mlango maalumu wa programu kwa programu. Wanauita API."

"Mwambie mzee ghala liko wapi," Yotham akadakia.

Mercy akashusha sauti. "Ulaya."

"Ulaya! Misiba ya Nsemulwa ikalale Ulaya! Mzee, hao unawalipa kwa dola kila mwezi. Wakipandisha, utafanya nini? Wakifunga kampuni, utamfuata nani? Ya kwangu naibeba yote kwenye flashi hii hapa, kesho unahamia kwa mtu mwingine na kila kitu chako."

Nilimgeukia Mercy. "Ni kweli?"

"Ni kweli, sikufichi. Kuhama kule ni kazi. Na jambo lingine: kwa Yotham unachagua sura iliyo tayari, unabandika, basi. Kwangu kila dirisha lazima mtu alijenge. Intaneti ikikatika hapa, huandiki kitu."

"Sasa unaniuzia nini, mwanangu?"

"Nakuuzia kuandika mara moja. Ukiandika tangazo moja, tovuti inalichukua. Runinga ya pale stendi inalichukua. Na wenye simu za vitochi wanapata ujumbe mfupi. Bibi aliyeko Usevya, hana bando, hajui tovuti ni nini, anapata habari ya msiba siku hiyo hiyo."

Hapo ndipo aliponishika. Mimi mama yangu alizikwa Kalema na mimi nikiwa porini nachana mbao, nikasikia baada ya wiki. Sikumwambia mtu, lakini ndicho nilichokiwaza.

"Tunakwenda na ghala," nikasema.

Yotham akachukua flashi yake. "Sawa mzee. Ila kwangu ulichoandika ndicho kinachosomeka. Huko utaandika kitu kimoja, wao watakukatia vipande watakavyo."

"Wivu huo," Mercy akasema.

"Wivu wa nini? Nina wateja."

Alikuwa na wateja wawili, mimi nikiwa mmoja wao.

Mercy alijenga kila kitu, runinga ikafungwa stendi, watu wakajiandikisha namba zao. Siku ya kunifundisha nilikuwa na foleni ya wanafunzi wanaotaka kopi. Nilimsikiliza huku nabadilisha karatasi kwenye mashine.

"Ukurasa uko wapi?" nikamuuliza. Niliona visanduku tu.

"Hakuna ukurasa, baba mdogo. Kuna nafasi. Kichwa unaandika hapa. Maelezo marefu hapa. Mhusika hapa chini."

"Mhusika naandika jina?"

"Huandiki. Unachagua kadi yake. Kila mtu ana kadi moja tu: jina, picha, kijiji. Tangazo linaazima kutoka kwenye kadi. Ujumbe wa simu ni mfupi, hausomi maelezo marefu. Unachukua kichwa, unachukua kadi, basi. Kwa hiyo kadi ndiyo kila kitu. Umenielewa?"

"Nimekuelewa."

"Niambie nilivyosema."

"Mercy, nina wateja."

Sikuwa nimemwelewa.

Sasa niwaambie namna sisi watu wa steshenari tunavyofanya kazi, maana kosa langu liko hapo. Hakuna anayeanza na karatasi nyeupe. Ukija kwangu na barua ya kuomba kazi, nafungua ya aliyekutangulia, nafuta jina lake, naweka lako. Kadi ya harusi hivyo hivyo. Mkataba wa kiwanja hivyo hivyo. Kuna mikataba hapa mjini imeanza kama barua ya kuomba ruhusa ya ng'ombe. Mpanda nzima tunaandika juu ya kazi ya mwenzetu, na haijawahi kumdhuru mtu.

Ijumaa asubuhi niliweka tangazo la mpunga wa Mzee Telesphor. Nilimfanyia kama mkwe, nikamfungulia kadi yenye picha yake akiwa na kofia ya pama. Nikaachia.

Haikupita muda simu ikaita. Salvatori wa Ikola, kule ziwani, mfanyabiashara wa dagaa, namfahamu.

"Melkiadi, tumefiwa. Pontien, yule mwenye boti. Kaamka vizuri, kaanguka kwenye vichanja vya dagaa."

"Pole sana. Mnazika lini?"

"Kesho mchana, joto hili hatuwezi kumweka. Weka kwenye Ubao wako. Ana watu huko Mpanda, wale aliokuwa anauza nao. Na ana dada yake Mpimbwe, kaolewa huko. Namba yake tuliyonayo haiiti. Akipata kwako, ataondoka leo leo."

"Atapata," nikasema.

Sikuuliza dada anaitwa nani. Sikuuliza kaolewa na nani. Kulikuwa na mtu mbele yangu anataka kitambulisho kilaminetiwe.

Nikafungua lile tangazo la mwisho, la mpunga, kama nilivyozoea maisha yangu yote. Kwenye kichwa nikafuta "Mpunga Unauzwa", nikaandika "Tanzia". Kwenye maelezo nikafuta habari za magunia, nikaandika vizuri kabisa: Pontien wa Ikola, mazishi kesho Jumamosi mchana, Ikola. Nikasoma mara mbili. Kule chini kwenye mhusika sikufika. Nikaachia.

Nilikuwa nakata plastiki ya kile kitambulisho pale mke wangu alipoingia mbio, kitenge kinaburuzika, simu mkononi.

"Baba Imakulata! Mkwe amekufa na wewe umekaa unalamineti?"

Nilishtuka kweli. Nikavua miwani. "Mkwe gani?"

"Tuna wangapi? Mzee Telesphor!"

Nikakaa. "Nani kakwambia?"

"Wewe!"

Akanipa simu. Ujumbe ulikuwa umetoka kwangu, Ubao, na ulisema hivi: Tanzia. Telesphor, Usevya.

Pontien hakuwemo. Ikola haikuwemo. Nikakimbilia stendi bila kufunga duka. Runinga ilikuwa inamwonyesha Mzee Telesphor na kofia yake, neno Tanzia juu ya kichwa chake. Kondakta mmoja alikuwa amevua kofia.

"Alikuwa mtu mzuri huyu," akaniambia.

"Ni mtu mzuri," nikamjibu. Akanitazama kwa huruma.

Nikampigia Mercy nikiwa nahema. Hakunigombeza, na hilo liliniuma zaidi.

"Kadi hukuibadilisha, baba mdogo. Tovuti nairekebisha sasa hivi, na stendi itajirekebisha yenyewe. Lakini ujumbe wa simu haurudi. Umeshatoka."

"Watu wangapi?"

"Wote."

"Tuma mwingine. Andika tunaomba radhi, Mzee Telesphor wa Usevya ni mzima, hakuna msiba."

"Sawa. Na yule marehemu mwenyewe? Tumtaje humo humo?"

Hapa naomba mnisikilize vizuri, maana hapa hakuna mfumo wa kulaumu. Nilisimama katikati ya stendi nikamwambia binti wa kaka yangu maneno haya:

"Huyo wa Ikola asubiri. Ukichanganya, watu watazidi kuchanganyikiwa. Kwanza tumfufue mkwe."

Mercy alituma kama nilivyosema. Nikajisemea Pontien nitamweka baadaye, mambo yakitulia. Hayakutulia. Simu iliita mpaka betri ikaisha. Wa Kibaoni anauliza, wa Sitalike anauliza, padre anauliza. Wengine walikuwa wameshapanda gari na turubai. Jioni nililala nimevaa viatu, na Pontien nilikuwa nimemsahau kama vile hajawahi kuzaliwa.

Jumamosi alfajiri nilikodi Noah, nikapakia mbuzi, nikampakia mke wangu. Imakulata alitoka mpaka mlangoni. Deogratias alikuwa ameshakwenda kwao tangu Ijumaa, alipanda gari akiamini anakwenda kumzika baba yake.

"Baba," Imakulata akasema, "ukifika huko omba radhi halafu nyamaza. Usiongee sana."

"Mimi naongea sana?"

Mama yake ndiye aliyejibu. "Panda gari."

Usevya tulikuta turubai bado limesimama. Wanawake wako jikoni, sufuria kubwa liko motoni. Watu walikuwa wameleta unga na kuni, na mtu ukishaleta unga kwenye msiba hurudi nao nyumbani. Kwa hiyo walikuwa wanaupika.

Mzee Telesphor alikuwa amekaa kwenye kiti cha mbele kabisa, palepale anapokaa mfiwa mkuu, na kofia yake ya pama.

Nilishuka nikapiga magoti. Kwenye vumbi, mbele ya watu. Sioni aibu kusema.

"Mkwe, nimekukosea. Adhabu yoyote utakayosema ni halali yangu."

Akanitazama muda mrefu. Halafu mabega yakaanza kutikisika. Nikajua analia. Kumbe anacheka.

"Inuka, Baba Imakulata, inuka. Nimekula uji wa msiba wangu mwenyewe, ni nani hapa Mpimbwe aliyewahi? Jana natoka shambani nakuta watu wanasimika turubai kwangu. Nikauliza, jamani, nani amefariki? Yule mama pale akazimia."

"Sikuzimia," yule mama akasema kutoka jikoni. "Niliteleza."

"Aliteleza akalala chini nusu saa. Mkwe, nakushukuru. Nimejua nani kaja na nani hakuja. Katibu wa ushirika wetu hakuja. Miaka yote tunapima mpunga pamoja, hakuja! Nikifa kweli, mwambieni asije."

Watu walicheka. Deogratias alinishika mkono akaniinua. Mbuzi akashushwa. Mama Deogratias, Verdiana, akatuletea maji ya kunawa yeye mwenyewe, akamwita mke wangu dada. Nikaona harusi yetu imerudi mahali pake. Nilisikia njaa kwa mara ya kwanza tangu jana.

Ningenyamaza hapo. Ndivyo nilivyoambiwa.

Lakini mzee mmoja wa jumuiya akauliza, "Sasa ilikuwaje, bwana? Mtu akosee jina tu hivi?" Nami nikaona ni nafasi ya kuwachekesha zaidi. Nikaanza kuwaeleza ghala, kadi na madirisha. Nikawaeleza Yotham na flashi yake. Walikuwa wananisikiliza vizuri.

"Yaani aliyekufa kweli wala si wa huku," nikamalizia. "Ni mtu wa Ikola huko, anaitwa Pontien. Mwenye boti."

Nilingoja wacheke.

Mzee Telesphor aliacha kutabasamu. Deogratias akamgeukia mama yake. Verdiana alikuwa ameinama ananimiminia maji, na maji yakaendelea kumwagika, yakajaza beseni, yakapita, yakaingia kwenye viatu vyangu.

"Pontien yupi?" akauliza.

"Wa... mwenye boti. Anauza dagaa. Salvatori alisema ana dada yake Mpi..."

Sikulimaliza hilo neno.

"Kaka yangu ni huyo," Verdiana akasema. Hakupiga kelele. "Tumbo moja. Ni huyo."

Mke wangu alinifinya ubavuni kwa kucha, lakini nilikuwa nimeshachelewa.

"Wanazika lini?"

"Leo."

"Saa ngapi?"

"Mchana huu, mama."

Watu wote walitazama jua. Lilikuwa limesimama wima. Kutoka Usevya mpaka Ikola ni kurudi Mpanda kwanza, halafu ushuke ziwani. Hata ungepaa usingewahi.

"Walinipigia?"

"Walisema namba haiiti."

"Nilibadilisha laini." Alikuwa anaongea na beseni, si na mimi. Halafu akainua macho. "Wewe ulijua lini?"

"Jana asubuhi."

"Jana asubuhi. Mimi jana nilikuwa hapa nalilia mume aliyesimama mbele yangu. Ule ujumbe wa pili, uliosema mume wangu mzima, wakati unatuma ulikuwa unajua Pontien kafa?"

"Nilikuwa najua."

"Ningeondoka jana ile ile, ningemkuta?"

Hapo mtu mwerevu angesema uongo. Mimi sikuujua wa kusema.

"Ungemkuta."

"Mbona hukumtaja?"

"Nilikuwa naiokoa harusi, mama."

Deogratias akafumba macho. Mzee Telesphor akavua kofia yake, akaiweka magotini.

"Haya," Verdiana akasema. "Umeiokoa. Kaa nayo."

Akaingia ndani, akatoka na kitenge kimoja na mkoba. Wale wanawake waliokuwa wanapika uji wa msiba usiokuwepo waliuacha ukiungua, wakaanza kulia upya, safari hii kwa haki. Verdiana alikwenda moja kwa moja kwenye Noah niliyoikodi, akakaa mbele. Deogratias akapanda nyuma.

"Mwanangu," nikamwita.

"Baba, tutaongea," akanijibu, lakini alikuwa ananiangalia kama mtu anayesoma namba ya gari.

Dereva akanitazama mimi mwenye kumlipa. "Nenda," nikasema. Vumbi likatufunika mimi, mke wangu na mbuzi.

Mzee Telesphor alibaki na sisi kwa heshima tu. "Mimi umeniua nikakusamehe," akaniambia. "Ya mwenzangu siyawezi. Hiyo ni damu yake."

"Na harusi, mkwe?"

"Usiniulize mimi. Mama mtu ndiye anayemtoa kijana nyumbani. Ngoja arudi. Kama akirudi anaongea, tutasikia anasema nini."

Jumapili Salvatori alinipigia. Hata hakunisalimu.

"Dada yake alifika jana jua likizama, tumeshafunika. Vijana walikuwa wanakung'uta majembe. Kakaa pale kaburini, mpaka sasa hatujamwona akila. Na watu wa Mpanda, Melkiadi, mbona hawakuja? Mtu aliyewalisha dagaa mji mzima amezikwa na sisi wavua dagaa na walokole wawili wa jirani. Uliweka kweli lile tangazo?"

"Niliweka," nikasema. Kisha nikaongeza, "Niliweka vibaya."

Akakata simu.

Jumatatu Yotham akaja dukani bila kuitwa, na flashi yake. Mercy alikuwepo. Nilijua watagombana, na kwa kweli nilitaka wagombane, ili nami nipate mtu wa kumlaumu.

"Kwangu angeandika Pontien, ingesoma Pontien," Yotham akasema. "Sisemi mengine."

"Ni kweli," Mercy akasema. "Na kwako hakuna mtu wa Usevya angepata ujumbe wowote, wa kweli wala wa uongo. Mama Verdiana hana tovuti. Asingejua vilevile."

"Angalau asingelilia mume mzima."

"Angalau."

Wakanigeukia wote wawili, kama vile nina jibu. Mercy ameshaweka kizuizi: tangazo la msiba sasa haliachiwi mpaka uchague kadi upya na kuona ujumbe wenyewe utakavyosomeka kwenye simu. Ni kitu kizuri. Ningekuwa nacho Ijumaa, nisingekuwa naandika haya.

Lakini kizuizi cha mtu anayesema "huyo asubiri" hakijatengenezwa, Ulaya wala Ilembo. Nimefungua mifumo yote miwili kwenye kompyuta, wa zamani kushoto, mpya kulia. Nakaa, nasimama, natoka nje, narudi. Wateja wanaingia nawapa kopi ambazo hawakuziomba. Mke wangu anasema nimeanza kuongea na mashine.

Tanzia ya Pontien niliiweka jana, kwa kadi yake mwenyewe, jina lake, picha aliyonitumia Salvatori. Watu wamejibu pole nyingi. Zote zimechelewa.

Mmeniuliza kwenye simu imenigharimu nini. Haya ndiyo niliyoyaona mpaka leo asubuhi.

Mzee mmoja ameliliwa akiwa hai. Huyo kanisamehe, simhesabu tena.

Mtu mmoja amezikwa Ikola, na watu aliofanya nao biashara miaka yote hawakurusha hata konzi moja ya udongo.

Dada mmoja amefika kaburi limeshafunikwa, na bado yuko huko ziwani na mwanawe.

Mbuzi alibaki Usevya. Hajachinjwa. Mzee Telesphor kasema hajui achinjiwe nini.

Kadi za harusi ziko kwenye boksi chini ya kaunta, zimefungwa kwa mpira, tarehe imeandikwa kwa dhahabu.

Deogratias hapokei simu yangu, wala ya mama mkwe wake.

Na Imakulata hayupo. Leo kabla ya chai amepanda lori la chumvi linalokwenda Ikola. Pete ya uchumba alikuwa nayo, ila haikuwa kidoleni, aliishika mkononi. Mama yake alimkimbilia akamuuliza kama anakwenda kuomba radhi au anakwenda kuirudisha. Akasema atajua akifika.